Upande wa Chini wa Jani

Harufu ya sabuni ya mche ikiyeyuka katika maji baridi hunirudisha mahali pamoja tu. Hunirudisha kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yetu, kwenye mteremko ulio juu ya Karatina, ambako mama alipanga mikebe yake ya maua, na mwisho wa mstari palikuwa na debe jekundu lenye mchungwa mdogo.

Juma lililopita mjukuu wangu, yule aliyepewa jina langu, alinipigia simu kutoka Nyeri mjini. Anaishi ghorofa ya tatu na ameweka miti michache ya mapambo kwenye baraza yake, ndani ya vyungu vya plastiki.

"Cucu, hii mti yangu inanata," akasema. "Majani inang'aa kama imepakwa mafuta. Na sisimizi wamejaa. Watu wananiambia ninunue dawa ya kunyunyiza."

"Usinunue kitu bado," nikamwambia. "Nitakuja kesho baada ya ibada ya asubuhi."

Nilitoa mche wa sabuni kabatini nikaukata kipande. Harufu ikanijia, nikalazimika kukaa kwanza. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, nimesimama mbele ya makaburi mengi na kusema maneno yanayopasa kusemwa. Lakini jambo hili sijawahi kulisimulia lote. Nadhani wakati wake umefika, nami namshukuru Mungu kwamba bado ninalikumbuka.

Ninyi wa rika langu mtaikumbuka mikebe hiyo. Hakuna aliyenunua chungu cha maua siku zile. Mkebe wa mafuta ya kupikia ukiisha, mama aliutoboa chini kwa msumari, akaujaza udongo mweusi uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyokauka, akapanda waridi au geraniamu. Sufuria iliyotoboka haikutupwa. Karai lililopasuka halikutupwa. Kila kitu kilipata kazi ya pili.

Mchungwa ulikuja kwa njia nyingine. Baba alikuwa fundi wa rangi katika hoteli moja upande wa Nyeri. Siku moja chungu kikubwa kilipasuka kilipokuwa kikihamishwa, na mti uliokuwa ndani ukavunjika tawi. Ikaamuliwa utupwe. Baba akauleta nyumbani juu ya baiskeli, mizizi imefungwa kwa gunia, naye mama akaupanda kwenye debe alilolipaka rangi nyekundu iliyobaki baada ya mabati ya paa kupakwa. Ulikuwa mti wa kupendeza macho tu. Ulizaa machungwa madogo kuliko ndimu, makali hata ulimi ukajikunja.

"Mama Wanjiku, umepanda mti wa kutazamwa," jirani yetu Mama Njeri alimtania. "Siku ya njaa utakula rangi?"

"Na wewe ulipoolewa," mama akamjibu, "baba Njeri alikuchagua kwa sababu ya kulima?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nakumbuka kicheko hicho cha mama kwa sababu baadaye kilikuwa adimu.

Kwetu kulikuwa na desturi ya kuazimana maua. Harusi ikikaribia, akina mama walikusanya mikebe kutoka kila boma ikapangwa mlangoni mwa kanisa na mbele karibu na mimbari. Baada ya harusi kila mkebe ulirudi kwa mwenyewe, akiutambua kwa alama ya rangi aliyoitia kwenye kitako. Mchungwa haukwenda kamwe, maana debe lilikuwa zito. Lakini mikebe mingine ilikwenda, na iliporudi mama alifanya jambo ambalo sikulielewa. Hakuirudisha ukutani. Aliiweka nyuma ya jiko, peke yake, mpaka Jumapili mbili zipite, na kila asubuhi aliinama akaikagua. Mimi niliona kwamba ni adabu. Nilidhani maua yaliyosimama mbele ya mimbari yalihitaji kupumzika kidogo kabla ya kurudi kwenye vumbi letu na kuku wetu.

Mwaka ambao mama alianza kuugua, mikebe yetu ilikwenda kwenye harusi ya binti ya mwalimu. Iliporudi, mama alikuwa kitandani, ameugeukia ukuta, hata uji unamshinda. Mimi ndiye niliyeipokea kutoka kwa vijana wa mkokoteni. Nilikuwa darasa la tatu, nikajiona mwenye nyumba. Niliipanga ukutani kwa mstari ulionyooka, mkebe wa waridi ukigusana na debe la mchungwa, kisha nikafagia mbele yake.

Siku mbili baadaye baba alimpeleka mama hospitali Nyeri. Alipofika mlangoni, baba amemshika upande mmoja na tata, dada ya baba, amemshika upande wa pili, alisimama akautazama mchungwa.

"Huu nakuachia wewe," akaniambia. "Nikirudi niukute."

Hayo ndiyo yote aliyosema. Lakini maneno yakiingia kwenye akili ya mtoto hayakai jinsi yalivyoingia. Nilikaa nayo siku nzima, na kufikia jioni yalikuwa yamekuwa agano. Mti ukiishi, mama atarudi. Mti ukifa, hatarudi. Sikumwambia mtu.

Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini, kwa hiyo nilibaki na tata, aliyekuja kutupikia. Baba alikwenda kumwona mama kila Jumamosi. Siku nyingine alitoka alfajiri na kurudi jioni, akapita mbele ya mchungwa kama mtu anayepita mbele ya jiwe.

Jumapili moja mwalimu wetu wa Sande skuli, mzee mpole ambaye hakuwahi kutupigia kelele, alitusimulia habari za mana. Alitueleza jinsi watu wa Mungu walivyokuwa na njaa jangwani, na jinsi walivyoamka asubuhi wakakuta kitu chembamba kitamu kama asali, ambacho hakuna aliyekipanda. Kila mtu aliokota cha siku hiyo tu. Waliokiweka mpaka kesho walikikuta kina mabuu na kinanuka. Mwalimu akabana pua, nasi tukacheka.

Asubuhi iliyofuata niliamka kuumwagilia mti maji. Majani yalikuwa yaking'aa. Nikagusa moja, kidole kikanata. Nikaweka kidole ulimini.

Kilikuwa kitamu.

Sijui kama nimewahi tena kuwa na furaha ya namna hiyo. Nilipiga magoti pale pale kwenye matope. Mungu alikuwa ameuona mchungwa wetu, na kama aliuona mchungwa, basi alikuwa ameliona agano langu pia. Niliona sisimizi wakipanda na kushuka shinani kwa mstari, nikaelewa mara moja: nao walikuwa wakiokota cha siku yao.

Tata alipotaka kuwamwagia maji ya moto nilimzuia. "Usiwaguse, tata. Wanaokota."

"Wanaokota nini?"

"Chakula chao."

"Wewe mtoto una maneno," akasema, akarudi jikoni.

Sasa, jambo lenyewe ni hili. Nilitaka mama ale. Nilikuwa na hakika kwamba chakula kilichotoka mbinguni kingemwinua kitandani. Lakini Jumamosi ilikuwa mbali. Nilichukua kopo tupu la kakao, na kila asubuhi nikachuma majani yaliyonata zaidi, nikayapanga ndani, nikafunika kwa mfuniko. Nililikumbuka onyo la mwalimu. Nililikumbuka vizuri sana. Nikasema moyoni kwamba Mungu angeelewa, maana watoto hawaruhusiwi wodini.

Jumamosi, kabla baba hajaondoka, nilifungua kopo nimpe.

Majani yalikuwa yamejikunja na kuwa meusi. Harufu iliyotoka ilikuwa ya uchachu. Na juu yake, na kwenye kuta za kopo, na chini ya mfuniko, kulikuwa na wadudu wadogo laini, wengine wamekufa, wengine wakitambaa.

Nilifunga kopo nikalificha nyuma ya kuni. Baba aliondoka bila kujua. Aliporudi mchana alikaa kwenye benchi la nje bila kuvua koti, akamwambia tata kwa sauti ya chini, "Amezidiwa juma hili. Hata jina langu alilitafuta kabla ya kulitaja." Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Nilijua ni nani aliyemfanya azidiwe.

Sikula chakula cha mchana. Baba aliona. Akaniita, nikaenda na kopo mkononi, nikamfungulia, nikamweleza yote: utamu, mana, kuweka mpaka kesho, mabuu. Nilimwambia kwamba Mungu alimletea mama chakula nami nikakiharibu kwa kukiweka. Nilingoja anichape. Kuchapwa kungekuwa nafuu.

Baba alikuwa mtu wa rangi na brashi, hakujua lolote kuhusu mimea. Alilichukua kopo, akalifunika.

"Nitamwambia mama yako," akasema.

Lile lilikuwa juma refu kuliko mengine yote. Sikuthubutu kuugusa mti. Machipukizi yake yalijikunja kama vidole vya mtoto anayelia. Unga mweusi kama masizi ukaenea juu ya majani, na kila jani lililoanguka nililihesabu upande wa hatia yangu. Niliomba, lakini sikuomba msamaha, maana nilijua kilichowapata waliokaidi jangwani. Niliomba tu kwamba adhabu inipate mimi, imwache yeye.

Jumamosi iliyofuata nilimngojea baba kwenye ua wa miiba ya kaiyaba, kando ya barabara. Alishuka kwenye baiskeli akatembea nami.

"Nilimwambia," akasema. "Akaniuliza mara mbili, 'Kwenye kopo la kakao?' Halafu akacheka. Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini."

"Hakukasirika?"

"Nimekwambia alicheka. Sijamsikia akicheka tangu alipolazwa." Baba alisimama kidogo, akajifanya anakagua mnyororo wa baiskeli. "Amesema ugeuze majani."

"Halafu?"

"Amesema uanze na hilo."

Nilikwenda mbele ya mchungwa, nikashika jani, nikaligeuza.

Walikuwa pale. Upande wa juu jani lilikuwa linang'aa kwa utamu, na upande wa chini vidukari walikuwa wamesongamana kama umati wa soko siku ya mnada, wadogo, kijani kibichi na weusi, kila mmoja ameuzamisha mdomo wake kwenye mshipa wa jani, akinyonya. Nikageuza jingine, na jingine. Hapakuwa na jani lisilokuwa nao. Hawakutoka kwenye kopo. Walikuwapo siku zote, tangu asubuhi ile niliyopiga magoti, na kile nilichokilamba kilikuwa kimetoka kwao. Sisimizi hawakuokota kitu kutoka mbinguni. Walikuwa wachungaji wa kundi hilo.

Naweza kusema sasa, kwa utulivu wa uzee, kwamba siku hiyo nilipungukiwa na kitu. Nilifarijika kwamba sikuwa nimeharibu mana, na papo hapo nikaumia kwamba hapakuwa na mana. Kama haikutoka kwa Mungu, basi hakuwa ameuona mchungwa. Na kama hakuwa ameuona, nani alikuwa akilitunza agano langu?

Baba alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameandika kwa penseli maneno ya mama, maana aliogopa kuyasahau. Akanisomea yote, nasi tukaanza Jumatatu asubuhi kabla jua halijaufikia ukuta.

Unakwangua sabuni ya mche kwa kisu, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, unaikoroga kwenye karai la maji baridi mpaka maji yateleze. Unakata machipukizi yaliyojikunja kabisa na kuyachoma, maana humo wadudu hawawezi kufikiwa. Halafu unalaza jani kwenye kiganja cha kushoto, tumbo juu, na kwa kitambaa laini unapangusa kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye ncha, polepole, usilipasue. Unamaliza kwa kuusuuza mti kwa maji safi. Unamwaga majivu kuzunguka debe ili sisimizi wasipande. Ukiona mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, huyo unamwacha, anawala. Baada ya siku tatu unarudia, na tena, na tena, kwa sababu wanazaana haraka kuliko unavyoosha.

Mti una majani mengi kuliko unavyodhani, nawe hulijui hilo mpaka siku utakayoyaosha moja moja. Maji ya asubuhi kule kwetu hushuka kutoka mlimani na baridi yake huingia kwenye mifupa. Vidole vyangu vilipasuka. Mwanzoni niliomba kwa kila jani, hili la mama, hili la mama, lakini ufikapo katikati ya mti huwezi tena kuendelea hivyo. Ikafika mahali nikawa ninaosha tu. Nimesali kwa maneno mengi tangu wakati huo, na mengine yalikuwa mazuri, lakini sidhani kwamba nimewahi kusali vizuri kuliko asubuhi zile nilizokuwa sisemi kitu.

Mama alirudi. Siwezi kusema alipona. Alirudi amekonda, leso imemzunguka mara mbili, na jambo la kwanza aliloomba ni kiti kiwekwe nje. Mchungwa ulikuwa umepungua, lakini ulikuwa umetoa machipukizi mapya ya rangi ya limau. Akanyoosha mkono, akageuza jani, akageuza la pili. La tatu akanionyesha.

"Huyu umemwacha."

Nikamwondoa kwa ukucha.

"Mama," nikasema, "kwa hiyo ile haikuwa mana."

"Ilikuwa mavi ya vidukari," akasema, na midomo yake ikatetemeka kwa kicheko asichokuwa na nguvu ya kukitoa. Kisha akanishika kidole kilichopasuka. "Lakini uliniwekea mimi. Hiyo uliyoniwekea, nimeila."

Akatazama ukuta, mkebe baada ya mkebe, mpaka ule wa waridi uliogusana na debe.

"Mikebe ya harusi iliporudi," akauliza, "nani aliipanga hapa?"

"Mimi," nikasema kwa fahari.

Alipitisha macho kwenye mstari ule.

"Umepanga vizuri," akasema. "Mstari umenyooka."

Alikaa nasi msimu wa baridi na ukungu, akatuona tukivuna, na kabla mvua nyingine haijafika Bwana alimwita. Nilikuwa nimeutunza mti naye hakubaki. Hilo nalo nililazimika kulibeba, na lilinichukua miaka kuliweka chini.

Siku ya maziko majirani walileta mikebe yao, kama walivyofanya kwenye harusi, wakaipanga kuzunguka kaburi. Wanaume wanne waliubeba mchungwa, mara yake ya kwanza kuondoka ukutani. Nilikuwa sijui la kufanya na mikono yangu. Nikachukua kitambaa changu na karai la maji, nikaanza mwanzo wa mstari, nikigeuza majani.

"Huyu naye ati anatafuta nini?" mwanamke mmoja akanong'ona.

"Mwacheni," Mama Njeri akasema. "Anamfanyia mamake kazi."

Mkebe wa Mama Njeri ulikuwa umewekwa ukigusana na debe letu. Niligeuza jani la waridi lake, na vidukari walikuwa pale, wamejaa. Nikatazama waridi, nikatazama mchungwa uliokuwa kando yake. Ndipo nilipoelewa kwa nini mama aliiweka mikebe ya harusi nyuma ya jiko, na wadudu walikuja ukutani kwetu kwa mkono wa nani. Alikuwa amelijua jambo hilo alipokuwa ameketi kwenye kile kiti. Alikuwa amelijua aliponiuliza, na hakunibebesha.

Nilimtazama Mama Njeri. Alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, akilia kwa ajili ya rafiki yake. Nilivuta mkebe wake kando kidogo, nikauosha, jani kwa jani, nikaurudisha. Sikumwambia kitu, siku hiyo wala baadaye. Aliishi akazeeka bila kujua.

Basi wiki iliyopita nilipanda ngazi za ghorofa ya tatu, nikipumzika kila kona. Mjukuu wangu alinifungulia akanipeleka barazani. Miti yake ilikuwa imepangwa safi kando ya ukuta, na kati yake kulikuwa na chungu kidogo ambacho sikukiona nilipokuja mara ya mwisho.

"Hii ilitoka wapi?"

"Ni ya rafiki yangu, cucu. Alihama, akaniachia. Nikaiweka hapo katikati ndio isijisikie mgeni."

Niliinama, nikageuza jani moja la kile chungu kidogo. Nikalirudisha lilivyokuwa. Alikuwa ananitazama kwa wasiwasi, mikono nyuma, kama mtu anayengoja kuambiwa alikosea wapi.

"Umepanga vizuri," nikamwambia. "Lete karai."